Ureno imehalalisha dawa za kulevya?

Swali: Wakuu, kila mjadala wa kuhalalisha unaitaja Ureno. Kule heroini inauzwa dukani?

Jibu: Hapana, mkuu. Sheria Na. 30/2000, iliyoanza kutumika Julai 2001, ilimwondolea jela mtumiaji tu. Kipimo ni matumizi ya siku 10: bangi gramu 25, kokeini 2, heroini 1. Kuuza bado ni jinai.

Jibu: Naongezea. Polisi wanachukua mzigo, kisha unaitwa mbele ya kamati ya watu 3. Wanaweza kukutoza faini au kukuelekeza kwenye tiba. Hapo ndipo waigaji wanapokosea: wanafuta jela, wanasahau methadoni (dawa ya kutibu uraibu wa heroini) na wauguzi. Mraibu anabaki palepale kijiweni, na hilo linauma.

Jibu: Anayetaka mfano wa kuhalalisha aitazame Kanada, tangu Oktoba 17, 2018. Ni bangi tu, mwisho kubeba gramu 30 hadharani.