Mrejesho: Watoto wa paka walioachwa na mama yao

Ndugu zangu, wiki 3 zilizopita niliwaomba ushauri kuhusu watoto 3 wa paka, wenye umri wa siku chache tu na macho yakiwa bado yamefumba, ambao mama yao hakurudi tena kwenye stoo yetu hapa Tanga. Nawashukuru kwa dhati wote mlionijibu.

Niliacha mara moja maziwa ya ng'ombe, yaliyokuwa yakiwaharisha, nikanunua maziwa ya unga ya paka kwenye duka la dawa za mifugo na kuwalisha kwa bomba lililotolewa sindano kila baada ya saa 3, usiku na mchana, wakiwa wamelala kifudifudi. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kanga ilisaidia kuliko yote, kwa kuwa kabla ya hapo walikuwa wa baridi na hawakuwa na nguvu ya kunyonya. Paka wa jirani anayenyonyesha, ambaye baadhi yenu mlimpendekeza, aliwakataa.

Kwa masikitiko, mdogo kuliko wote alikufa siku ya 4. Nadhani kuharisha kulikuwa kumeshamdhoofisha mno, na bado namkumbuka. Wawili waliobaki wamefumbua macho, na jana mmoja alitembea mwenyewe hadi miguuni pangu.