Majina ya Storybrooke: waandishi walipanga, au mashabiki tunajitungia?

Kasuku wa Donholm
Nimemaliza kuirudia Once Upon a Time, ile tamthilia ya ABC iliyoanza Oktoba 2011 ikaisha Mei 2018, misimu saba. Kwa aliyesahau: Malkia Mwovu anawatupia laana watu wa hadithi za kale, wanajikuta Storybrooke, mji mdogo wa Maine huko Marekani, hawajijui, na kila mmoja ana jina jipya. Mimi nasema hakuna jina pale lililookotwa tu. Malkia ni Regina, na hilo ni malkia kwa Kilatini. Snow White ni Mary Margaret Blanchard, weupe wa Kifaransa umo humo ndani. Kioo cha uchawi ni Sidney Glass. Cinderella, msichana wa jivuni, ni Ashley, na ash ni jivu kwa Kiingereza. Yule nyenje wa Pinocchio ni Archie Hopper, mrukaji. Rumplestiltskin, aliyesokota mabua yakawa dhahabu, ni Mr. Gold.

Sasa shikeni hii. Regina anaitwa Mills, yaani vinu kwa Kiingereza, tangu msimu wa kwanza. Kwamba mamake, Cora, alikuwa binti wa mwenye kinu cha kusaga unga, tuliambiwa msimu wa pili, 2013. Anayesema hiyo ni bahati tu aje na maelezo.

Hesabu Ngumu
Leroy. Asili ya jina hilo ni mfalme, Kifaransa hicho hicho unachokitegemea. Kwenye tamthilia Leroy ni Grumpy, kibete mchimba migodi, mlevi wa mji. Ufalme uko wapi? Mtu akitaka kuona ishara ataiona hata kwenye sukuma wiki.

Kasuku wa Donholm
Sukuma wiki umeileta wewe. Nimetaja majina sita na kinu juu yake, umeyaruka yote ukaenda kumtafuta mlevi. Haya, ongeza hii: saa ya mnara wa mji imesimama saa mbili na robo. Waliobuni tamthilia, Edward Kitsis na Adam Horowitz, walikuwa waandishi wa Lost, tamthilia nyingine, na ndege iliyoanguka kwenye Lost ni Oceanic 815.

Msee wa Githurai
Saa mbili na robo na 815 wapi na wapi?

Kasuku wa Donholm
Isome kwa saa ya Kizungu, ndugu. 8:15.

Msee wa Githurai
Kumbe nadharia inahitaji saa ya Kizungu ndiyo iwake. Huku saa mbili na robo asubuhi mtu yuko Thika Road kwenye foleni, makanga anasema "bado wawili" na gari limejaa. Hakuna ndege hapo bana.

Nyota ya Lamu
Hiyo ya saa si nadharia, ni utani wa waandishi. Hata chokoleti za Apollo za kule Lost wamezitia humu. Utani wa watu wa kazini ni kitu kimoja, na ishara inayobeba maana ndani ya hadithi ni kitu kingine. Mnavikoroga pamoja halafu mnagombana.

Baba Wawili
Mmehangaika na majina na kitu chenyewe mmekipita. Kisu! Jina la Rumplestiltskin limechorwa kwenye kile kisu, na anayekishika anamwamrisha atakavyo. Jamaa ana nguvu zote za giza, halafu anaenda kukipeana kwa Belle, mpenzi wake. Belle akakitumia hicho hicho kumfukuza mjini. Wazee walishasema, siri ya mwanamume haipewi mwanamke. Muulizeni Lwanda Magere.

Nyar Kano
Baba Wawili, Lwanda Magere ni wa kwetu, kwa hivyo wacha nikusimulie vizuri. Mwili wake ulikuwa jiwe, mkuki hauingii, na uhai wake ulikuwa kwenye kivuli. Maadui wakaona vita vimewashinda, wakamletea msichana mrembo eti ni zawadi ya amani. Watu wake mwenyewe walimkataza, hakusikia. Siku alipougua, akamwambia yule msichana amchanje kivulini ampake dawa. Msichana akaona damu inatoka, usiku ule ule akarudi kwao na habari. Vita vilivyofuata wakachoma kivuli. Sasa nieleze: huyo alikuwa mke, au alikuwa jasusi aliyetumwa kazini akaifanya? Kwao yeye ndiye shujaa. Angekuwa mwanamume angekuwa na barabara Nairobi yenye jina lake.

Baba Wawili
Dada, umenikubalia bila kujua. Siri ilitokea chumbani. Na Samsoni je?

Nyota ya Lamu
Samsoni mwache, tuje pwani. Fumo Liyongo hakuwa wa kuuawa ila kwa sindano ya shaba, kitovuni. Aliyemuuliza siri hiyo, kisha akamchoma nayo akiwa amelala, ni mwanawe wa kumzaa. Mwana wa kiume, kaka. Liyongo akatoka na jeraha lake, akapiga goti karibu na kisima, mshale upindeni, akafa vivyo hivyo. Watu wakaogopa kuchota maji kwa kudhani yu hai, na mamake ndiye aliyeendewa aje ambembeleze. Kwa hesabu yako basi siri isipewe mwana wa kiume. Hao wawili wako ni wa kiume?

Baba Wawili
Watoto wangu waache nje ya hii maneno.

Hesabu Ngumu
Wewe ndiye uliyejiita Baba Wawili.

Kasuku wa Donholm
Jamani. Mills. Kinu. Msimu wa pili. Hakuna hata mmoja amegusa.

Nyar Kano
Ngoja kwanza, Kasuku. Huyu amemtaja Belle na hiyo haipiti hivi hivi. Mwisho wa msimu wa tatu jamaa anamchumbia Belle, anampa kisu mkononi, macho yamelengalenga machozi, eti ishara ya kumwamini. Kisu kilikuwa bandia! Cha kweli kimebaki kwake, na hakukaa nacho bure, alienda nacho kumwangamiza Zelena, yule mchawi adui yake, akiwa mfungwa, halafu akarudi kwenye harusi kama hakuna kitu. Belle alikuja kugundua msimu wa nne, ndipo akamvusha mpaka wa mji. Mwanamke ameolewa na kisu feki, na bado ni yeye msaliti?

Baba Wawili
Alikuwa na sababu za kuficha.

Nyar Kano
Ehe. Zitaje.

Mama Kevo Pipeline
Mimi hiyo tamthilia niliona nusu, CD za yule kijana wa duka la muvi zilikuwa zinakwama kila Regina akianza kucheka. Lakini nina swali, Baba Wawili. Bibi yako anajua namba yako ya siri ya M-Pesa?

Baba Wawili
Hiyo ni tofauti.

Mama Kevo Pipeline
Tofauti na nini?

Msee wa Githurai
Mimi wangu anaijua. Nililazwa, dawa zikahitajika usiku, nani angelipa? Wewe ukizirai utaamka kwanza ubonyeze ndio urudi kuzirai?

Baba Wawili
Nimeongea kuhusu kisu. Watu wa Nairobi mkipewa hadithi lazima muingize simu.

Mama Kevo Pipeline
Kisu chako kina tarakimu nne, baba.

Hesabu Ngumu
Hiyo ndiyo ishara ya kwanza yenye maana humu tangu asubuhi.

Nyota ya Lamu
Mama Kevo, uishi sana. Ila kwa haki, hata wake wengine hawaitoi namba yao, na wana sababu. Jirani yangu mmoja, pesa zote za chama cha akiba ziliishia kwenye simu ya mume.

Msee wa Githurai
Hapo sasa tunaanza vita vingine.

Kasuku wa Donholm
Basi tuingilie kwenye kisu, kwa vile kinu hamkitaki. Mji mzima ulikuwa ukimwita jamaa Gold, lakini kisu hakikuwahi kumwandika Gold. Kilibaki Rumplestiltskin. Jina la laana hakilitambui. Sasa nendeni mwisho wa msimu wa nne, 2015. Giza linamwingia Emma, kisu kinabaki chini barabarani, na maandishi yake ni Emma Swan. Huyu ni binti ya Snow White na Prince Charming, damu ya kifalme upande wa mama, na kisu kimemwandika kwa jina alilokua nalo huku kwetu, mtoto asiye na wazazi anayehamishwa nyumba hadi nyumba. Kwa hivyo tamthilia yenyewe imeamua. Swan ni jina lake hasa. Gold, Blanchard, Glass na wenzao ni vinyago walivyovishwa.

Na nani aliyewavisha? Laana ni ya Regina. Yeye anakumbuka kila kitu, na jina lake la kwanza hakuligusa, alibaki Regina huko na huku. Ukilisoma hivyo, Leroy anakaa vizuri kabisa: malkia amemchukua mlevi wa mji akamwita mfalme, kumcheka. Cinderella amebakizwa na jivu lake jinani. Kioo kimebaki kioo. Waandishi walipanga, ndiyo, lakini ndani ya hadithi anayewachezea watu kwa majina ni yule mama aliyekaa ofisi ya meya na bakuli la tufaha.

Baba Wawili
Kwa hivyo unakubali kisu ni muhimu kuliko majina. Asante.

Hesabu Ngumu
Unaandika Rumple kila mahali. Hadithi yenyewe kwa Kiingereza ni Rumpel. Mtu ameshindwa na herufi mbili na anatufundisha ishara za majina.

Kasuku wa Donholm
Tamthilia inaandika Rumple. Kuza picha ya kisu usome.

Hesabu Ngumu
Basi hata ABC hawakulichunguza jina, na wewe unasema hakuna lililookotwa.

Nyar Kano
Ndugu wawili Grimm walikuwa Wajerumani na walichapisha kwa Kijerumani, 1812. Kwa hivyo nyote wawili mnagombania nakala. Hesabu, umeandikiwa aya mbili nzima kuhusu Leroy wako, na jibu lako ni tahajia?

Hesabu Ngumu
Ya Leroy nitaifikiria.

Msee wa Githurai
Andikeni tarehe.

Mama Kevo Pipeline
Wachaneni na herufi. Mimi bado nangoja jibu langu. Baba Wawili, tarakimu nne, mama watoto anazijua au hazijui?

Baba Wawili
Anajua tatu.