Winga kachanika nyama za nyuma ya paja, ndondo ni wiki mbili zijazo: achuliwe, adungwe sindano au apumzike?

Katibu_wa_Timu
Habari zenu wakuu. Winga wetu, miaka 22, Jumamosi alikuwa anakimbilia mpira kwa kasi akashika paja la kulia kwa nyuma, akakaa chini. Anatembea ila anachechemea, na akiinama kushika vidole anaumia. Leo Jumatatu pametokea doa la bluu ukubwa wa kiganja. Wapo wanaotaka achuliwe kwa maji ya moto, wapo wanaotaka adungwe sindano ya maumivu acheze. Naombeni ushauri wenu.

FizioPwani
Pole kwa kijana. Kwanza, asichuliwe, na maji ya moto pia acheni. Hapo nyuzi za msuli zimekatika na vimishipa vya damu vimepasuka. Joto na kuchua siku hizi za mwanzo vinazidisha damu inayovujia ndani, na kadiri damu inavyokuwa nyingi ndivyo kovu linavyokuwa kubwa.

Barafu ifungwe kwenye kitambaa, dakika 10 hadi 15, irudiwe kila baada ya saa mbili au tatu akiwa macho. Barafu inapunguza maumivu tu, haiungi msuli, kwa hiyo baada ya siku mbili tatu si lazima. Afungwe bandeji ya kuvutika kuanzia juu kidogo ya goti kupanda hadi karibu na kinena. Vidole vya mguu vikifa ganzi au kuwa baridi, ilegezwe mara moja. Maumivu yakisumbua anywe paracetamol, vidonge viwili vya miligramu 500, visizidi 8 kwa saa 24. Diclofenac na jamii yake (dawa za kupunguza uvimbe) siku za mwanzo aziache, kwa sababu uvimbe ule ndio hatua ya kwanza ya msuli kujijenga.

Nijibu mawili: alisikia mlio kama kitu kimekatika? Na maumivu yako katikati ya paja au juu, kwenye mfupa wa kukalia?

Katibu_wa_Timu
Mlio hakusikia, mkuu. Ni katikati, upande wa nje.

FizioPwani
Afadhali. Huo ni msuli wa nje kati ya mitatu ya nyuma ya paja, na ndio unaochanika zaidi kwenye mbio. Unachanika sekunde ile mguu unakaribia kutua: msuli umenyooka na wakati huohuo unafunga breki. Kwa dalili ulizotaja inaelekea ni daraja la pili, yaani umechanika sehemu. Hesabuni wiki nne hadi nane. Ndondo hiyo msahau.

Ingekuwa maumivu yako kwenye mfupa wa kukalia, au kuna shimo ukipapasa, au hawezi kukanyaga, ningesema hospitali leo leo kwa kipimo cha picha, ultrasaundi au MRI. Kano (utepe unaoshikiza msuli kwenye mfupa) iliyong'oka ikihitaji upasuaji, kuchelewa kunaufanya uwe mgumu zaidi.

Kocha_wa_Vijana
Naongezea kwa wenye timu za watoto. Mchezaji wa miaka 14 hadi 17 akiumia hapo juu, apigwe eksirei. Umri huo kano huwa na nguvu kuliko mfupa unaokua, hivyo kipande cha mfupa ndicho kinachobanduka.

Na sindano msithubutu! Inaua maumivu, haiungi nyuzi. Mchezaji atakimbia kasi ileile juu ya msuli uliochanika nusu, na nusu iliyobaki itaenda.

Katibu_wa_Timu
Nimeelewa. Sasa alale tu hizo wiki zote?

FizioPwani
Hapana, kulala kunadhoofisha msuli. Kuanzia siku ya nne au ya tano alale chali, akunje goti kidogo, akandamize kisigino sakafuni sekunde 10, mara 10, asubuhi na jioni. Maumivu yasizidi 3 kati ya 10. Akizoea, ainue makalio kwa miguu yote miwili, seti 3 za mara 10, kisha kwa mguu mmoja.

Akitembea haraka bila maumivu, aanze kukimbia polepole, halafu nusu ya kasi, halafu robo tatu. Kipimo ni asubuhi inayofuata: paja likiamka linauma, anarudi hatua moja nyuma. Wengi hujeruhiwa upya hapa, kwa sababu maumivu huisha kabla nguvu haijarudi. Asiguse mechi mpaka ukibonyeza pale haumii, mguu ulionyooka unainuka sawa na mwenzake, na amekimbia kasi yote mazoezini zaidi ya siku moja bila hofu.

Kocha_wa_Vijana
Akipona, timu nzima ianze zoezi la Nordiki. Anapiga magoti, mwenzake anamshika vifundo vya miguu, naye anashuka mbele taratibu mwili ukiwa umenyooka mpaka mikono iguse chini. Wiki ya kwanza siku moja tu, seti 2 za mara 5. Ya pili siku mbili, seti 2 za mara 6. Ya tatu siku tatu, seti 3 za mara 6 hadi 8. Timu nyingi huanza na seti nyingi siku ya kwanza, wachezaji wanakakamaa, zoezi linaachwa. Lifanyike mwisho wa mazoezi, kamwe si siku moja kabla ya mechi.