Mume wangu amepata kiharusi: haya mafao ya ulemavu ya Marekani yanapigwaje hesabu?

Mama_Wawili

Habarini wanajamvi. Naandika nikiwa na fomu mezani na sijui nianzie wapi, naomba mnivumilie.

Mume wangu ana miaka 41. Tarehe 3 Januari mwaka huu wa 2025 alianguka bafuni alfajiri akijiandaa kwenda zamu. Kiharusi. Mkono na mguu wa kushoto bado havijarudi, na akichoka maneno yanamponyoka, anakutazama tu akilitafuta neno. Tulifika Marekani mwishoni mwa 2015, akaanza kazi Januari 2016, na amebeba boksi ghalani miaka 9 mfululizo. Kwa wastani alikuwa analipwa kama dola 3,600 kwa mwezi kabla ya makato. Karatasi zote za mshahara ninazo, nimezitunza kwenye boksi la viatu.

Tumeomba mafao. Kinachonichanganya ni kiasi. Kuna mwenzetu, rika moja na mume wangu, naye alipata kiharusi mwaka huuhuu. Yeye anatembea mwenyewe, anaendesha gari, na anapokea zaidi ya dola 1,800. Dada mwingine tunayesali naye hawezi kabisa kutoka kitandani, na anapata chini ya 1,000. Makadirio ya mume wangu, yaliyopigwa kutokana na karatasi zangu za mshahara, yanasema 1,359. Sasa hawa watu wanapima nini? Nirudi kwa daktari aandike kwamba hali ni mbaya zaidi ili kiasi kipande? Tena shemeji yangu ameniambia bila miaka 10 ya kazi hatupati kitu. Na je, ni kweli kila mtoto analipwa nusu ya baba yake? Tuna wawili, wa miaka 8 na wa 5.

Naombeni msaada wenu.

Kijana_wa_Zamu

Pole sana dada, Mungu amponye. Kuhusu miaka 10 shemeji yako yuko sahihi. Kila mwaka wa kazi unapata hadi krediti 4, yaani alama za kuchangia, zinatakiwa 40. Miaka 9 ni krediti 36, kwa hiyo hapo SSDI, ile bima ya ulemavu ya wafanyakazi, imegoma. Jaribuni SSI, ule msaada wa wasio na uwezo.

Bi_Hesabu

Kijana, hapana, tafadhali usimkatishe tamaa dada wa watu. Krediti 40 ni za mtu wa miaka 62 na kuendelea. Ulemavu ukikukuta ukiwa mdogo, zinazotakiwa zinapungua. Kuanzia miaka 31 hadi 42 ni krediti 20, mradi umezipata ndani ya miaka 10 kabla ya kupata ulemavu. Mume wake ana 36, na zote ni za ndani ya miaka hiyo 10. Hapo amevuka.

Dada, pole na kuuguza. Nimesaidia watu wengi kujaza hizi fomu, na swali lako ndilo linalowatesa karibu wote. Ukali wa ugonjwa haupandishi wala kushusha kiasi. Ugonjwa unaamua jambo moja tu: unastahili au hustahili. Ukishakubaliwa, daktari hana kazi tena kwenye hesabu ya pesa. Usirudi kumwomba aandike makubwa kuliko yaliyopo. Hutapata hata dola moja zaidi, na maelezo yakipingana na faili la hospitali utaharibu ombi zima.

Kuna mifuko miwili, na watu wanaichanganya kwa sababu yote miwili iko chini ya Social Security, idara ya hifadhi ya jamii ya Marekani. SSDI ni bima: unalipwa kutokana na ulichochangia ukiwa kazini. SSI ni msaada kwa mwenye ulemavu au mzee mwenye kipato kidogo na mali kidogo, hata kama hajawahi kuajiriwa. Huyo dada wa kitandani huenda yuko SSI, ambayo kwa mwaka huu wa 2025 kiwango chake cha juu cha serikali kuu ni dola 967 kwa mtu mmoja. Baadhi ya majimbo huongeza kidogo.

Sasa hesabu ya mume wako. Wanachukua mishahara ya kila mwaka, wanaipandisha ilingane na mishahara ya sasa, halafu wanatafuta wastani wa mwezi. Wastani huo haugawanywi kwa miaka aliyofanya kazi. Unagawanywa kwa miaka ambayo sheria inaona angeweza kufanya kazi tangu ujana. Wanahesabu kuanzia mwaka aliotimiza miaka 22, yaani 2006, hadi mwaka wa kabla ya ulemavu, 2024. Hiyo ni miaka 19. Wanamwondolea mitatu ya chini, inabaki 16. Yeye ana mishahara ya miaka 9. Ile 7 mingine, alipokuwa bado nyumbani, inaingia kama sifuri.

Hapo ndipo sisi tuliokuja tukiwa watu wazima tunapoumia. Inaniuma kila ninapoieleza, maana mtu hakukaa bure miaka hiyo, alikuwa anafanya kazi kwao.

Tuchukulie 3,600 ndiyo mshahara baada ya kupandishwa. Zidisha kwa miaka 9, gawanya kwa 16, unapata wastani wa 2,025. Kwa aliyepata ulemavu 2025, anapewa asilimia 90 ya dola 1,226 za mwanzo, ambayo ni 1,103.40. Kinachozidi hapo hadi kufikia 7,391 anapewa asilimia 32. Kwake kilichozidi ni 799, asilimia 32 yake ni 255.68. Jumlisha: 1,359 na senti. Ndiyo namba uliyoiona.

Huyo mwenzenu, nadhani amekulia hapahapa. Mtu wa mshahara uleule akiwa na miaka yote 16 anapata kama 1,863. Ugonjwa wake mdogo haukumzidishia. Miaka imemzidishia.

Mama_Wawili

Dada, nimesoma mara tatu, na mara ya tatu nimelia. Nilidhani kuna mahali nimekosea kujaza. Na watoto?

Bi_Hesabu

Mtoto anaweza kupata hadi nusu ya kiasi cha baba, lakini familia ina kikomo, na watu wengi hawaambiwi. Kwa ulemavu, familia nzima haiwezi kuzidi asilimia 85 ya ule wastani wa mwezi, wala asilimia 150 ya fao la baba, kinachochukuliwa ni kile kidogo. Asilimia 85 ya 2,025 ni 1,721. Toa 1,359 ya baba, zinabaki kama 362. Watoto wawili watagawana, 181 kila mmoja. La baba halipunguzwi. Ombeni, ni haki yao.

Kingine, msihesabu pesa ya miezi ya mwanzo. Kuna kungoja miezi 5 kamili. Kiharusi kimetokea Januari, hivyo inahesabiwa Februari hadi Juni. Fao la kwanza ni la Julai, na la Julai hulipwa Agosti. Uamuzi ukichelewa, yanalipwa malimbikizo. Medicare, bima ya afya ya serikali, huanza baada ya miezi 24 ya kustahili fao, kwake ni Julai 2027, kwa hiyo bima ya afya ya katikati hapo itafuteni mapema.

Dereva_wa_Usiku

Pole sana dada. Mimi niongezee kuhusu SSI, kwa sababu mama yangu mzazi yuko huko na tulipata somo.

SSI kila senti ina swali lake. Mtu akifanya kakazi kadogo akalipwa 485, wanatoa 20, wanatoa 65, zinabaki 400, wanagawanya kwa mbili, halafu 200 hiyo inakatwa kwenye 967. Anapokea 767. Ukiishi bure kwa mtu, inaweza kukatwa hadi theluthi moja. Chakula unachopewa zamani kilihesabiwa, kuanzia tarehe 30 Septemba 2024 hakihesabiwi tena. Mke au mume akiwa na kipato, nacho kinatazamwa. Kwa mume wako, dada, 1,359 ikishaanza kulipwa inaivuka 967 peke yake, hapo SSI haimhusu.

Sisi kosa letu lilikuwa mchango. Mama alipofanyiwa upasuaji ndugu walichanga, wakatuma, mimi nikaweka kwenye akaunti yake nikiona ndiyo uaminifu. Kikomo cha akiba ni dola 2,000 kwa mtu mmoja, 3,000 kwa wanandoa. Nyumba unayoishi na gari moja hazihesabiwi, lakini pesa ya benki inahesabiwa. Ikavuka 2,000 kwa miezi miwili. Baadaye ikaja bahasha ya kurudisha fedha za miezi yote miwili. Nilikuwa nimeifungua nikiwa nimesimama mlangoni na ufunguo bado mkononi, nikashindwa kuingia ndani nikimfikiria mama nitamwambiaje. Tulirudisha kidogo kidogo. Mwenye mzazi kwenye SSI, mchango usiupitishe kwenye akaunti yake.

Kijana_wa_Zamu

Nimekosea kule juu, asante Bi_Hesabu kwa kunisahihisha. Dada nisamehe. Swali: akipata nafuu akajaribu kazi ya saa chache, wanamfutia palepale?

Bi_Hesabu

Hapana. Kwenye SSDI kuna miezi 9 ya majaribio ndani ya miezi 60. Mwaka huu wa 2025 mwezi wowote anaopata zaidi ya dola 1,160 unahesabiwa kuwa wa majaribio, na fao linaendelea. Baada ya hapo ndipo wanatazama kikomo cha 1,620 kwa mwezi, au 2,700 kwa asiyeona. Muhimu aripoti kila kipato, hata cha wiki moja.

Muuguzi_Mtulivu

Dada, hiyo fomu iliyo mezani naomba uijaze taratibu. Wanaouliza hapo wanataka kujua mwili wake unafanya nini na haufanyi nini. Ukiandika "anaumwa sana" hakuna anayeweza kuipima. Andika: kufunga vifungo vya shati kunamchukua robo saa na kimoja humshinda, nakifunga mimi. Anasimama dakika ngapi kabla mguu haujatetemeka? Akishika kikombe kwa mkono wa kushoto kinadondoka mara ngapi? Kaa naye siku moja nzima na daftari, andika unachokiona.

Na jina. Ingia kwenye akaunti yake ya Social Security uone mishahara ya miaka yote 9 ipo. Watu wetu majina yanageuzwa, la kwanza linakuwa la mwisho, na mwaka mzima wa mshahara unaweza usionekane. Lile boksi lako la viatu ndiyo ushahidi. Kama Kiingereza kinakusumbua, omba mkalimani, ni bure. Wakikataa ombi, mna siku 60 za kukata rufaa tangu mpokee barua. Msianze upya kwa hasira, kateni rufaa.

Mama_Wawili

Wapendwa, asanteni. Nimeingia kwenye akaunti yake usiku huu. Mwaka 2018 haupo kabisa, inaonyesha sifuri. Nimefungua boksi, karatasi ya 2018 ipo, na jina lake limeandikwa kinyume. Jumatatu asubuhi naipeleka mwenyewe.