Naomba ushauri: tuombe kikomo cha uzito wa magari au kimo cha boneti?

MzaziMlinzi
Habari wakuu. Kamati ya wazazi imenipa kazi ya kuandika barua kwa mamlaka ya barabara kuhusu magari makubwa yanayopita getini kwa shule. Mwanangu akisimama mbele ya baadhi ya magari hayo, kichwa hakivuki boneti. Dereva aliyekaa kule juu hamwoni kabisa, na hilo linaninyima usingizi.

Wenzangu wamegawanyika. Wengine wanataka magari yatozwe kwa uzito, wengine wanasema tatizo ni mwendo tu. Mimi nataka barua iombe kitu kinachopimika. Kipi hasa?

Fundi Bodi
Mkuu, omba kimo cha mbele. Boneti ya chini humpata mtu mzima miguuni, akaangukia juu yake, na bati hubonyea kidogo. Iliyoinuka wima kama ukuta humpiga nyonga au kifua, kisha humlaza mbele ya matairi. Kwa mtoto ni kichwa moja kwa moja.

IIHS, taasisi ya usalama barabarani ya Marekani, ilichambua ajali karibu 18,000 za waenda kwa miguu na kutoa matokeo mwaka 2023. Magari yenye boneti ya zaidi ya inchi 40, yaani kama mita moja, yalikuwa na uwezekano wa kuua mkubwa kwa takriban asilimia 45 kuliko yale ya inchi 30 kushuka yenye pua iliyolala.

Dereva wa Pikapu
Msituhukumu wote jamani. Mimi nabeba vifaa vya kazi. Wekeni matuta na kikomo cha kilomita 30 kwa saa, watoto watakuwa salama. Na familia yangu ikiwa ndani nataka gari zito, tukigongana na mtu tusiwe sisi wa kusagika.

Bi Mwendopole
Ndugu yangu, hiyo hoja yako ya mwisho ndiyo inayotumaliza. Ukinunua kubwa, jirani anaona lake dogo, naye anabadilisha. Anayelipia usalama wako ni aliye kwenye gari dogo na aliye kwa miguu. Matuta naunga mkono, ila gari linaloanza kuondoka taratibu huku mtoto yuko chini ya upeo wa dereva, tuta litamsaidia nini?

Mleta uzi, wakikuambia haiwezekani, wape mfano wa Japani. Gari la daraja la kei, yaani magari yao madogo, halizidi urefu wa mita 3.4, upana 1.48 na kimo mita 2, injini cc 660. Linapata nafuu ya kodi, na viwanda vimezoea kubuni ndani ya vipimo hivyo. Paris nako, wakazi waliopiga kura Februari 2024 waliridhia ada ya maegesho mara tatu kwa magari mazito ya wageni, ikaanza Oktoba.

Fundi Bodi
Paris walipima uzito: tani 1.6 kwa ya mafuta, tani 2 kwa ya umeme. Tofauti hiyo ipo kwa sababu betri ni nzito. Ndiyo maana nasema uzito peke yake utakupotosha: gari la umeme lenye pua ya chini litaadhibiwa, na jepesi lenye pua ya juu litapita.

MzaziMlinzi
Nimeelewa, asanteni sana. Kimo cha boneti kitatangulia, matuta yatafuata. Dereva, magari ya kazi nitaomba yapangiwe saa tofauti na za watoto kuingia na kutoka. Fundi, nipime vipi ili wasinipinge?

Fundi Bodi
Tambarare, gari halina mzigo, kuanzia ardhini hadi ukingo wa mbele wa boneti. Kisha dereva akae kwenye kiti, wewe sogeza koni mbele polepole hadi aione. Huo umbali nao uandike kwenye barua.