Hati ina jina la mume peke yake, lakini nyumba tumeijenga wote: mahakama itanihesabia nini?

Mama Nuru
Ndugu zangu, naomba ushauri wa wanaoijua sheria ya Tanzania. Nimo katika ndoa mwaka wa 14 sasa, na tuna watoto watatu. Kiwanja mume wangu alikinunua kabla hajanioa, lakini nyumba tumeijenga kidogo kidogo tangu msingi, yeye kwa mshahara wake na mimi kwa faida ya genge la mboga na mikopo ya kikoba, mbali na kuwapikia mafundi na kuteka maji ya kumwagilia matofali. Sasa amehama, anataka tuachane, na jirani amenidokeza kuwa dalali anawaonyesha watu nyumba.

Nimesoma maoni ya wanasheria wawili kuhusu hukumu za Mahakama ya Rufani. Mmoja anasema mke ana haki hata kama alikuwa mama wa nyumbani tu. Mwingine anasema hakuna nusu kwa nusu, kila mtu athibitishe jasho lake. Nimfuate yupi? Risiti nilizo nazo ni chache tu za mabati.

Mzee Kibwana
Pole sana, mwanangu. Wote wawili wamesema kweli, ila kila mmoja ameshika upande wake. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali zilizochumwa kwa juhudi za pamoja. Majaji walitofautiana iwapo kazi za nyumbani ni juhudi, hadi mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilipoamua katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu kwamba kazi hizo ni mchango halali. Wengi huishia hapo wanaposimulia. Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo, kwa kuwa mahakama iliona kuwa fedha alizopewa na mumewe kwa ajili ya mradi wa familia alizitumia vibaya. Kwa hiyo haki ya kugawiwa ni jambo moja, na kiasi utakachogawiwa ni jambo jingine linalotegemea ushahidi; hukumu za miaka ya karibuni zinalisisitiza hilo la pili.

Kiwanja kisikuvunje moyo. Kifungu hicho hicho kinaruhusu kugawa hata mali aliyokuwa nayo mmoja kabla ya ndoa, iwapo imeendelezwa kwa kiasi kikubwa wakati wa ndoa na mwenzake au na wote wawili.

Rehema wa Tanga
Dada, mimi ningeanza na huyo dalali. Kifungu cha 59 kinamkataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na kinakupa haki ya kuweka zuio kwenye hati hiyo. Nenda kwa Msajili wa Hati wiki hii, kwa sababu nyumba ikishafika mikononi mwa mnunuzi asiyejua kuwa kuna mke, kuirudisha ni kazi kubwa. Kisha nenda baraza la usuluhishi la ndoa, kwani ombi la talaka lisiloambatana na hati ya baraza kwamba usuluhishi umeshindikana kwa kawaida hutupwa. Mdogo wangu alipoteza miezi minane kwa kosa hilo.

Mama Nuru
Asanteni sana. Fundi aliyejenga yupo, na daftari la kikoba linaonyesha mikopo yangu yote. Je, hivyo vitapokelewa bila risiti?

Mzee Kibwana
Fundi ni shahidi mzuri, kwa sababu aliona nani alimlipa na nani alileta vifaa. Katibu wa kikoba naye aje na daftari halisi, nawe uoanishe tarehe za mikopo na zile za risiti za mabati. Usione haya kueleza mahakamani habari ya maji na chakula cha mafundi, maana hiyo pia ni kazi ambayo sheria inaitambua. Usiporidhika na hukumu, rufaa ya mashauri ya ndoa kwenda Mahakama Kuu hukatwa ndani ya siku 45.

Mama Nuru
Kesho asubuhi naanza kwa Msajili.