Huyu mama kwenye noti ya dola 10 ya Kanada ni nani?

Mzee_wa_Tabata: Wakuu habari za jioni. Shangazi katua juzi kutoka Toronto kaniachia noti ya dola 10 ya kule, ya plastiki, zambarau, halafu picha imesimama wima badala ya kulala. Kuna mama mweusi nywele kazitengeneza haswa. Mi nilijua pesa za Kanada ni malkia tu, huyu kafanya nini?

chai_ya_rangi: Viola Desmond huyo. Alikuwa na saluni Halifax na vipodozi anatengeneza vyake mwenyewe. Novemba 1946 yuko safarini gari likamfia mji unaitwa New Glasgow, kuambiwa mpaka kesho akaona bora apoteze muda sinema. Akaomba tiketi ya chini maana alikuwa haoni mbali, wakamkatia ya juu kule walikokuwa wanakaa weusi, yeye akaenda kukaa chini hivyo hivyo. Wakamburuta nje mpaka nyonga ikaumia, usiku kucha mahabusu kakaa wima na glovu zake nyeupe mikononi. Asubuhi faini dola 20 na gharama 6. Kosa lenyewe sasa, kodi ya tiketi ya chini ilizidi ya juu kwa SENTI MOJA, eti kaiibia serikali. Na alishataka kuongezea hela wakagoma kupokea.

mjuaji_mkuu: Hii si stori ya Rosa Parks, yule mama mweusi wa Marekani aliyegoma kumpisha mzungu siti kwenye basi, mmebadilisha jina? Weusi Kanada wameenda juzi tu na makaratasi ya ukimbizi

baridi_kali: Punguza mkuu, Rosa Parks ni 1955, miaka tisa baadae. Niko Nova Scotia, jimbo lenye hiyo Halifax, huku kuna weusi mababu zao walifika 1783, walikuwa upande wa Mwingereza kwenye vita ya uhuru wa Marekani wakaahidiwa uhuru na ardhi. Ardhi wengi hawakuiona, wengine wakapewa mawe matupu, 1792 karibu watu 1,200 wakapanda meli wakaenda kuanzisha Freetown, ndio hiyo hiyo ya Sierra Leone. Waliobaki wapo. Mimi ndo wa makaratasi, jirani yangu ukimuuliza kwenu wapi anakujibu hapa hapa, na usirudie swali (nilirudia).

Halafu muulize Africville. Kijiji cha weusi hapo Halifax, kodi wanalipa ila maji ya bomba hawakuwahi kupewa, miaka ya 50 jalala la mji likasogezwa karibu nao, mwishowe wakaambiwa hapafai kuishi watu, hameni. Kuna waliohamishiwa vyombo vyao na magari ya taka. Kanisa wakalibomoa usiku, 1967. Meya kaja kuomba radhi 2010.

Mzee_wa_Tabata: Daah, senti moja. Na huyo mama alisamehewa?

chai_ya_rangi: 2010 pia, yeye kafariki 1965. Aliyesaini msamaha ni Mayann Francis, mwakilishi wa malkia Nova Scotia wakati huo, mweusi mwenzie. Noti ikatoka 2018.

Mzee_wa_Tabata: Asanteni wakuu. Ila bi mkubwa keshasema kesho iende kubadilishwa gesi imeisha